Kemikali za Viwandani katika Maziwa ya Mama: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unajibu maswali ambayo kina mama, wenzi wao na hata wahudumu wa afya huyauliza tena na tena kuhusu mabaki ya kemikali katika maziwa ya mama. Majibu yamepangwa kuanzia mambo ya msingi hadi hali za pekee. Kila jibu linajitosheleza, na pale ambapo jambo limekwisha kuelezwa kwingine utaelekezwa kwenye namba ya swali husika. Mama aliye na wasiwasi mwingi na muda mchache aanze na swali la 9.

## Mambo ya msingi

1. Je, ni kweli kwamba maziwa ya mama yana kemikali za viwandani?

Ndiyo. Kila mahali ambako maziwa ya mama yamepimwa kwa vyombo vyenye uwezo wa kutosha, mabaki ya kemikali zilizotengenezwa na binadamu yameonekana, hata kwa wanawake ambao hawajawahi kuingia kiwandani wala kushika dawa ya kuua wadudu. Taarifa ya kwanza ya aina hiyo ilitoka Marekani mwaka 1951, watafiti walipokuta DDT, dawa ya kuua wadudu, katika maziwa ya wanawake wa Washington ambao hawakuwa na kazi yoyote iliyowakutanisha na dawa hiyo. Tangu mwaka 1987 Shirika la Afya Duniani (WHO) limekuwa likiratibu upimaji wa maziwa ya mama katika nchi nyingi, na baadaye likaungana na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira katika kazi hiyo.

Mambo mawili yanapaswa kueleweka tangu mwanzo. La kwanza ni kwamba kuonekana kwa kemikali si ushahidi kwamba imemdhuru mtoto, kwa sababu vyombo vya leo vinaweza kupima hata pikogramu, yaani sehemu moja ya trilioni ya gramu. La pili ni kwamba maziwa ya mama hupimwa mara nyingi kwa kuwa ndiyo njia nyepesi ya kupata mafuta ya mwili wa binadamu bila sindano wala kisu. Kemikali hizo hizo zimo katika damu na mafuta ya wanaume, ya wazee na ya wanawake wasiowahi kuzaa. Si haki kuyaona maziwa ya mama kuwa machafu kuliko vingine eti kwa sababu ndiyo yaliyopimwa zaidi.

2. Kemikali hizi zinafikaje kwenye maziwa?

Njia kuu ni chakula. Kemikali nyingi za kundi hili huyeyuka katika mafuta, haziyeyuki katika maji, na mwili hauna namna nyepesi ya kuzivunja. Zinapoingia mtoni au baharini huanza kujikusanya katika viumbe wadogo, kisha katika samaki wanaowala, kisha katika samaki wakubwa, ndege na wanyama, na kila hatua kiwango huongezeka. Binadamu yuko karibu na kilele cha mlolongo huo, na mtoto anayenyonya yuko hatua moja juu ya mama yake.

Mama anaponyonyesha, mwili huchota mafuta yaliyohifadhiwa ili kutengeneza maziwa, ambayo kwa kawaida yana mafuta ya takriban asilimia 4, na kemikali zilizolala ndani ya mafuta hayo hutoka nayo. Kwa hiyo kinachoonekana katika maziwa ni hesabu ya miaka mingi, wala si cha mlo wa jana. Kwa mfano, dioksini (zimeelezwa katika swali la 3) iliyo na sumu kali kuliko zote hupungua kwa nusu mwilini mwa mtu mzima kwa muda wa takriban miaka 7, au zaidi.

Si zote zinazofuata njia hiyo. Kemikali za kundi la PFAS, nazo zimeelezwa katika swali la 3, hushikamana na protini za damu badala ya mafuta, na huingia katika maziwa kwa kiwango kidogo kuliko kilichomo katika damu. Metali ya risasi huhifadhiwa katika mifupa, na sehemu yake hurudi katika damu wakati wa ujauzito na wa kunyonyesha, mwili unapochota kalsiamu. Viyeyushi vinavyotumika kusafishia nguo na mitambo hupenya haraka kwa njia ya hewa, lakini pia hutoka haraka mama anapoondoka mahali penye mvuke.

3. Ni kemikali zipi hasa zinazozungumziwa?

Kundi la zamani ni la viuatilifu vyenye klorini, kama DDT na zao lake DDE, heksaklorobenzini, lindani na dieldrini. La pili ni PCB, mafuta ya viwandani yaliyotumika sana katika transfoma na vifaa vingine vya umeme. La tatu ni dioksini na furani, ambazo hakuna aliyezitengeneza kwa makusudi, bali huzaliwa taka zinapochomwa ovyo na katika baadhi ya shughuli za viwanda. Baada ya hayo zikaja kemikali za kuzuia moto zenye bromini (PBDE), zilizotiwa katika magodoro, viti vya sponji na maganda ya kompyuta na televisheni, na PFAS, zinazofanya sufuria isishikwe na chakula na kitambaa kisilowe. Ziko pia metali: risasi, zebaki na kadimiamu.

Chembe ndogo za plastiki nazo zimeonekana. Utafiti mmoja wa Italia uliochapishwa mwaka 2022 ulizikuta katika sampuli 26 kati ya 34. Upimaji wake bado ni mgeni, na sampuli huchafuliwa kwa urahisi na hewa na vyombo vya maabara, kwa hiyo matokeo hayo yachukuliwe kuwa mwanzo wa uchunguzi.

4. Je, hali inazidi kuwa mbaya mwaka hadi mwaka?

Kwa kemikali za zamani, jibu ni hapana, na habari hii inastahili kusikika zaidi kuliko inavyosikika. Nchini Sweden maziwa ya mama yaliyohifadhiwa yalipimwa ili kulinganisha miaka ya 1972 hadi 1997. DDT, PCB na dioksini zilishuka sana katika kipindi hicho, kwa sababu nchi zilikuwa zimezipiga marufuku au kuzidhibiti. Lakini katika sampuli hizo hizo PBDE zilikuwa zikiongezeka maradufu takriban kila baada ya miaka 5, bila mtu yeyote kujua hadi zilipotafutwa. Baada ya hatua kuchukuliwa, nazo zikaanza kushuka.

Mkataba wa Stockholm, wa kimataifa wa kudhibiti kemikali za aina hii, uliopitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika mwaka 2004, ulianza na kemikali 12 na sasa una zaidi ya 30. Kemikali mbili za kundi la PFAS zimo: PFOS iliongezwa mwaka 2009 na PFOA mwaka 2019. Maziwa ya mama ni mojawapo ya vipimo rasmi vinavyotumika kuangalia kama mkataba huo unafanya kazi. Somo la Sweden ni la pande mbili: marufuku hufanya kazi, lakini kiwanda huweza kuleta kemikali mpya kabla haijajulikana inakwenda wapi.

## Athari kwa mtoto

5. Je, mtoto anayenyonya hupata kiasi kikubwa kuliko mtu mzima?

Ndiyo, ukilinganisha na uzito wake. Tuchukue mtoto wa kilo 5 anayenyonya mililita 750 kwa siku. Kwa mafuta ya asilimia 4, anapata gramu 30 za mafuta. Ikiwa kila gramu ya mafuta hayo ina pikogramu 10 za dioksini, anapata pikogramu 300 kwa siku, sawa na 60 kwa kila kilo ya mwili wake. Mwaka 1998 WHO ilipendekeza kiwango cha kuvumilika cha pikogramu 1 hadi 4 kwa kilo kwa siku.

Anayesoma hesabu hiyo peke yake ana haki ya kushtuka. Hata hivyo, kiwango hicho kiliwekwa kwa ajili ya maisha yote, kwa kuwa hatari ya dioksini hutokana na kujilimbikiza kwa miongo, ilhali kunyonya ni kipindi kifupi. Tena mwili wa mtoto unakua kwa kasi, na kile kilichoingia hutawanyika katika mwili unaozidi kuwa mkubwa, kwa hiyo baada ya kuachishwa ziwa kiwango chake hushuka. Hesabu inabaki kuwa sababu nzito ya kuzibana kemikali hizi zinakotoka. Haitoshi kuwa sababu ya kumwondoa mtoto ziwani, kama swali la 9 linavyoeleza.

6. Je, tafiti zimeonyesha madhara gani?

Katika jimbo la Michigan, Marekani, watoto ambao mama zao walikula samaki wa Ziwa Michigan wenye PCB walifuatiliwa tangu kuzaliwa. Walipofikisha umri wa miaka 11, matokeo yaliyochapishwa mwaka 1996 yalionyesha kwamba waliopata PCB nyingi zaidi tumboni walifanya vibaya zaidi katika vipimo vya akili na katika kusoma. Jambo la kutia maanani ni hili: watoto walipata PCB nyingi zaidi kwa kunyonya kuliko tumboni, lakini upungufu huo ulihusiana na zile za tumboni tu.

Kuhusu PFAS, picha ni tofauti kidogo. Katika Visiwa vya Faroe, watafiti waliona kwamba watoto wenye PFAS nyingi katika damu walikuwa na kingamwili pungufu baada ya chanjo za pepopunda na dondakoo, na kwamba kiwango cha baadhi ya kemikali hizo kwa mtoto kilipanda kwa takriban asilimia 20 hadi 30 kwa kila mwezi wa kunyonya maziwa ya mama pekee. Matokeo haya hayapaswi kufichwa kwa kuogopa kwamba kina mama watakata tamaa. Mama anaweza kuyasikia na bado akafanya uamuzi sahihi, ili mradi aelezwe na upande wa pili wa mizani.

Ziko pia dalili kwamba DDE nyingi mwilini huenda hufupisha muda wa kunyonyesha. Uhusiano huo ulionekana katika jimbo la North Carolina na baadaye nchini Meksiko.

7. Kwa nini kipindi cha ujauzito hutajwa kuwa nyeti zaidi, ilhali maziwa hubeba kiasi kikubwa?

Kwa sababu ubongo, tezi na viungo vya uzazi hujengwa kwa mpangilio wa hatua, na kosa linalotokea hatua za awali ni gumu kurekebishika. Kondo la nyuma halizuii kemikali hizi. Mfano mchungu kuliko yote ni wa Minamata, Japani, ambako ugonjwa uliotokana na zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Watoto walizaliwa na mtindio wa ubongo uliotokana na sumu iliyopita kwenye kondo, ilhali baadhi ya mama zao walikuwa na dalili hafifu tu. Zebaki ya aina hiyo, inayotoka kwenye samaki, hupenya kondo kwa urahisi zaidi kuliko inavyoingia katika maziwa.

Maana yake ni kwamba ulinzi wa kweli unapaswa kuanza miaka mingi kabla ya mimba, kwa wasichana na wanawake wote. Ushauri unaotolewa kwa mara ya kwanza mama akiwa na mtoto mkononi umechelewa, ingawa bado una faida.

8. Je, wako watoto waliowahi kudhurika waziwazi kupitia maziwa ya mama?

Wako, na tunawataja kwa heshima. Kati ya mwaka 1955 na 1959, kusini mashariki mwa Uturuki, ngano ya mbegu iliyotiwa heksaklorobenzini ili isiliwe na ukungu ilisagwa na kuliwa. Maelfu ya watu waliugua, wengi wao watoto wenye malengelenge na makovu ya ngozi. Watoto wachanga walionyonya kwa mama waliokula mkate huo walipata madoa mekundu, wakadhoofika, na wengi wakafa kabla ya kufikia umri wa miaka miwili.

Kisa cha pili ni cha mtoto mmoja, nacho kiliandikwa Kanada mwaka 1977. Mtoto wa wiki sita aliletwa hospitali akiwa na manjano na ini lililovimba. Baba yake alikuwa akifanya kazi katika karakana ya kusafisha nguo za ngozi, na mama alikuwa na desturi ya kwenda kula naye chakula cha mchana humo humo kazini. Kiyeyushi kilichokuwa kikitumika, tetrakloroethilini, kilikutwa katika maziwa yake. Alipoachishwa kunyonya, mtoto akapata nafuu.

Visa hivi vyote viwili vina sura moja: mama alikuwa amekutana na kiasi kikubwa kupita kawaida, kutoka chanzo kimoja kinachoweza kutajwa. Ndiyo maana swali la kwanza la mhudumu wa afya linapaswa kuhusu chanzo: kazi, maji, chakula, na kile kinachofanyika ndani au karibu na nyumba.

## Kunyonyesha au kuacha

9. Je, niache kunyonyesha kwa sababu ya kemikali hizi?

Kwa mama wa kawaida, asiye na chanzo kikubwa kinachojulikana, hapana. WHO inapendekeza mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2 au zaidi, na pendekezo hilo limetolewa na shirika lile lile ambalo limepima uchafuzi huu tangu mwaka 1987.

Sababu ni uzito wa mizani. Maziwa ya mama humpa mtoto kingamwili dhidi ya vijidudu ambavyo mama mwenyewe amekutana navyo, na humkinga na kuhara, homa ya mapafu na maambukizi ya masikio. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2016 ulikadiria kwamba kama kunyonyesha kungefikia karibu kila mtoto, vifo 823,000 vya watoto vingezuilika kila mwaka, pamoja na vifo 20,000 vya kina mama vinavyotokana na saratani ya matiti. Hasara ya kuacha ni ya hakika na ni ya sasa. Hatari ya kemikali, kwa viwango vya kawaida, ni ndogo, na sehemu yake kubwa imekwisha kupita wakati wa ujauzito. Hata watoto wa Uholanzi waliofuatiliwa wakati maziwa ya mama zao yalikuwa na PCB na dioksini nyingi kuliko leo hawakuonekana kuwa nyuma ya wenzao walionyonya chupa.

Hali zinazobadilisha jibu hili zipo, nazo ni chache. Tazama maswali ya 16 na 17.

10. Je, maziwa ya kopo si salama zaidi?

Yana dioksini na PCB kidogo, kwa sababu kwa kawaida mafuta yake ni ya mimea. Hilo ni kweli na halina haja ya kupingwa. Lakini maziwa ya kopo huchanganywa na maji, na maji hubeba risasi, arseniki, naitreti au PFAS kulingana na mahali. Kuchemsha huua vijidudu tu. Metali na PFAS hubaki, na maji yanapopungua kwa mvuke huzidi kukolea. Unga wenyewe pia umewahi kuchafuliwa: nchini China mwaka 2008 melamini iliyochanganywa katika maziwa kwa udanganyifu iliwaumiza watoto wapatao 300,000, na sita wakafa.

Mama ambaye hawezi kunyonyesha, au aliyeshauriwa asinyonyeshe, asihukumiwe kwa jibu hili. Anachohitaji ni maji yaliyothibitishwa kuwa safi, vipimo sahihi vya unga na usafi wa vyombo.

11. Je, nipeleke maziwa yangu yakapimwe?

Kwa kawaida haishauriwi. Upimaji ni wa gharama kubwa, maabara zenye uwezo ni chache, na jibu likitoka hakuna kiwango kilichokubalika kinachosema kwamba chini ya hapa nyonyesha na juu ya hapa acha. Mama hubaki na namba inayomnyima usingizi na isiyomwongoza popote. Panapokuwa na chanzo kinachojulikana, kipimo chenye faida zaidi ni cha damu ya mama au ya mtoto, hasa kwa risasi na zebaki, au kipimo cha maji ya kunywa.

12. Nikikamua maziwa ya kwanza na kuyamwaga, au nikiyachemsha, kemikali zitatoka?

Hapana. Kuchemsha hakuvunji PCB, dioksini, PFAS wala metali, bali huharibu sehemu ya kinga iliyomo katika maziwa. Kukamua na kumwaga kunapunguza kidogo akiba iliyo mwilini, lakini polepole mno: hata mama anayenyonyesha kila siku kwa miezi 6 hupunguza kiwango cha DDE na PCB katika maziwa yake kwa takriban asilimia 20 tu. Hii pia ndiyo sababu mtoto wa kwanza kwa kawaida hupata nyingi kuliko wadogo zake. Kumwaga kuna maana kwa kitu kinachotoka mwilini haraka, kama kiyeyushi baada ya ajali ya kazini, na katika hali ya risasi iliyoelezwa katika swali la 16.

## Kupunguza kinachoingia

13. Nile nini, na niepuke nini?

Samaki waendelee kuliwa, kwa sababu mafuta yao hujenga ubongo wa mtoto. Kinachobadilika ni aina. Samaki wakubwa wanaowinda wenzao na kuishi miaka mingi, kama papa, nduwaro na jodari wakubwa, hukusanya zebaki nyingi, ilhali sardini na samaki wengine wadogo wanayo kidogo. Samaki waliovuliwa karibu na mifereji ya viwanda au chini ya majaa ya taka waepukwe kabisa. Mafuta ya nyama, ngozi ya kuku na ya samaki, na maini ndivyo vyenye dioksini na PCB nyingi zaidi, kwa hiyo kuyaondoa kabla ya kupika ni hatua yenye maana. Matunda na mboga vioshwe kwa maji mengi.

Virutubisho viwili vinastahili kutajwa peke yao. Kalsiamu ya kutosha hupunguza kiasi cha risasi kinachotoka katika mifupa ya mama. Madini joto, ambayo WHO inapendekeza yawe mikrogramu 250 kwa siku kwa mama anayenyonyesha, humlinda mtoto dhidi ya kemikali zinazoshindana nayo katika tezi ya shingo, ikiwemo perklorati inayopatikana katika baadhi ya maji, na thayosaineti inayotokana na moshi wa sigara. Sigara yenyewe iachwe, na ikishindikana, isivutwe karibu na mtoto.

Kujinyima chakula wakati wa kunyonyesha ili kupungua upesi hakushauriwi, kwa kuwa mafuta yanayoyeyuka kwa kasi huachia kemikali zilizomo. Kupungua taratibu, karibu nusu kilo kwa wiki, hakuna tatizo.

14. Ndani ya nyumba, nianzie wapi?

Anza na krimu za kung'arisha ngozi, kwa sababu baadhi yake zina zebaki nyingi sana, na zebaki hiyo hupita kwenye ngozi ya mama, hubaki kwenye mito na taulo, na humfikia mtoto anayebebwa. Soma kibandiko: kalomeli, kloridi ya zebaki au zebaki yenye amonia vyote ni zebaki, na krimu isiyo na kibandiko kabisa isitumike. Mkataba wa Minamata, wa kimataifa kuhusu zebaki, ulioanza kutumika mwaka 2017, umelenga kuondoa bidhaa hizi sokoni.

Kisha angalia vumbi. Rangi ya zamani inayobanduka huwa na risasi, na sponji za zamani zinazochakaa hutoa PBDE. Futa kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia vikavu, na nawa mikono kabla ya kumshika mtoto. Plastiki na taka za umeme zisichomwe karibu na makazi wala karibu na mifugo.

15. Kazi yangu inanikutanisha na kemikali. Nina haki gani?

Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unataka nchi zilizouridhia zihakikishe kwamba mwanamke mjamzito au anayenyonyesha halazimishwi kufanya kazi iliyothibitishwa kuwa na madhara kwa afya yake au ya mtoto, na unampa haki ya mapumziko ya kunyonyesha. Omba kuhamishiwa kazi nyingine kwa maandishi, na ueleze jina la kemikali kama lilivyo kwenye chombo chake.

Kazi zinazohitaji tahadhari kubwa ni kupuliza viuatilifu, kuyeyusha betri za risasi, kuvunja vifaa vya umeme, kuchoma dhahabu kwa zebaki na kusafisha kwa viyeyushi. Nguo za kazi zisiletwe nyumbani bila kubadilishwa, na hili linamhusu pia baba: mtu anayerudi na vumbi la betri kwenye shati akamkumbatia mtoto amemletea risasi bila kupitia ziwa lolote.

## Hali za pekee

16. Nimepimwa na kukutwa na risasi katika damu. Ninyonyeshe?

Katika hali nyingi, ndiyo, kwa sababu kiasi kinachoingia katika maziwa ni sehemu ndogo ya kile kilicho katika damu. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2010 unasema kwamba mama mwenye mikrogramu 40 au zaidi kwa desilita ya damu asianze kunyonyesha, bali akamue na kumwaga hadi kiwango kishuke chini ya hapo, ili maziwa yasikauke. Mwenye kiwango cha chini ya 40 anaweza kunyonyesha, na mtoto apimwe damu mara kwa mara. Ikiwa mama ana 20 au zaidi na risasi ya mtoto inapanda bila chanzo kingine kuonekana, kusimama kwa muda kunafikiriwa. Wakati wote huo chanzo kitafutwe, kwa kuwa mtoto anaweza kuwa anaipata sakafuni.

17. Nimegundua kwamba maji ninayokunywa yana PFAS nyingi, na nimekwisha nyonyesha kwa miezi. Nifanye nini?

Badilisha maji leo, ya kunywa na ya kupikia. Chujio la mkaa maalumu lililotunzwa vizuri, au la kusukuma maji kupitia utando laini, hupunguza PFAS. Usihamie kwenye maziwa ya kopo yanayochanganywa na maji yale yale. PFOS hupungua kwa nusu mwilini kwa muda wa takriban miaka 5, kwa hiyo kuacha kunyonyesha kwa wiki chache hakubadilishi kitu katika mwili wako. Hakikisha mtoto anakamilisha chanjo zake zote kwa wakati, maana ushahidi wenye nguvu zaidi unahusu kinga. Ikiwa damu yako imepimwa na kiwango ni kikubwa mno, uamuzi wa kuendelea au kufupisha ufanywe pamoja na daktari, kwa kuzingatia umri wa mtoto: mtoto wa miezi miwili na wa miezi kumi na minane hawana haja sawa ya ziwa.

18. Nyumba yetu hupuliziwa DDT kwa ajili ya malaria. Je, maziwa yangu ni sumu?

Mkataba wa Stockholm unaruhusu DDT kwa udhibiti wa mbu wanaoeneza magonjwa, na katika maeneo yanayopuliziwa viwango katika maziwa ya mama huwa vikubwa kuliko kwingine. Hatuwezi kulipuuza jambo hilo. Lakini malaria huua watoto wachanga na huharibu mimba, na kuacha kunyonyesha kungemwongezea mtoto hatari ya pili bila kuondoa ya kwanza. Siku ya kupuliza, toa nje vyakula, vyombo, matandiko na nguo za mtoto. Kaeni nje hadi dawa ikauke kabisa, kisha mtu mzima afagie sakafu kabla mtoto hajaingia. Vyandarua na dawa mbadala, pale zinapofanya kazi, ndiyo njia ya kuondokana na DDT, na wanajamii wana haki ya kuzidai.

19. Mtoto wangu ni njiti na anapewa maziwa ya kuchangiwa. Je, kemikali za mama mwingine zitamdhuru?

Benki za maziwa humhoji mchangiaji kuhusu dawa, sigara na magonjwa, na huyapasha maziwa kwa nyuzi 62.5 za selsiasi kwa dakika 30. Joto hilo huua vijidudu lakini haliondoi kemikali, kwa hiyo ni halali kuuliza kama wachangiaji huulizwa pia kuhusu kazi na makazi yao. Hata hivyo, maziwa hayo humpunguzia njiti hatari ya ugonjwa wa kuoza kwa utumbo, unaoweza kumuua kwa siku chache, na hutumika kwa wiki chache tu hadi maziwa ya mama yake yatoshe. Kubali maziwa hayo, na uendelee kukamua ya kwako mara nane au zaidi kwa siku ili yawe tayari mtoto atakapoweza kunyonya.